VIH ndani ya bongo: namna askari wa mwili wanageuka kuumiza mishipa ya fahamu

Wakaaji wengi wa Kivu, Ituri ao Tanganyika wanajua jambo moja juu ya virusi vya SIDA: vinaua askari wa mwili, mtu anabaki bila ulinzi, kisha kifua kikuu ao kuhara vinamumaliza. Ni kweli. Lakini kuko upande mwingine wa ugonjwa ambao hauzungumzwi sana ku mafundisho ya kituo cha afya, na njo ule unaoleta shida ndani ya nyumba. Mtu anasahau sufuria ku mbabula mpaka bugali inaungua. Anapoteza maneno katikati ya mazungumzo. Mikono inakuwa mizito, hesabu ya franka inamushinda. Ao usiku miguu inamuwaka sawa vile amekanyaga makala ya moto.

Nyumbani kila mtu anakuwa na maelezo yake. Mama mkwe anasema wamemuloga. Jirani anasema ni uvivu, juu zamani alikuwa anafika ku soko saa kumi na mbili kamili. Wengine wanamupeleka kwa mufumu ao ku chumba cha maombi, na kule anaweza kuambiwa aache vidonge, afunge siku tatu kwanza. Hapo njo shida inazidi, juu ile dawa anayoambiwa aache ni kitu cha pekee kinachozuia bongo yake isiendelee kuharibika.

Waganga wanaujua ugonjwa huu tangu miaka ya 1980. Mwaka 1986, huko New York, Bradford Navia, Barry Jordan na Richard Price waliandika juu ya wagonjwa wa SIDA waliokuwa wanasahau, wanatembea vibaya na kubadilika tabia. Mwaka ule ule watafiti wengine wa Marekani walichunguza bongo za watu waliokufa na SIDA ili waone virusi vimejificha wapi. Mtu angeweza kutazamia kuvikuta ndani ya seli za fahamu zenyewe, yaani zile chembe ndefu zinazobeba habari kutoka kichwani mpaka ku vidole. Virusi vilikuwa kwingine: ndani ya makrofaji, askari wa mwili wenye kazi ya kumeza vijidudu na takataka.

Tangu siku hiyo swali likawa gumu. Kama virusi haviingii ndani ya seli ya fahamu, nani anaiua?

Mlango ambao seli ya fahamu haina

VIH haiwezi kuingia ndani ya seli yoyote inayopenda. Inahitaji mlango maalum juu ya ngozi ya seli, na mlango huo unaitwa CD4. Jina hilo wagonjwa wengi wanalijua, juu linaandikwa ku karatasi ya labo: "CD4 350", "CD4 120". Kinachohesabiwa pale ni askari wenye mlango huo ambao bado wako katika damu. Makrofaji nao wako na mlango huo, hata kama ni mdogo. Mikroglia, wale askari wanaoishi ndani ya bongo tangu mtoto akiwa tumboni, wako nao pia.

Seli ya fahamu haina. Virusi vinapita karibu yake, vinaigusa, lakini havizaani ndani yake. Kwa hiyo mtu akisema "virusi vimekula bongo yake", hasemi sawa kabisa. Bongo inaumizwa na majirani.

Kupita bariere na uniforme

Bongo inalindwa kuliko sehemu nyingine za mwili. Mishipa midogo ya damu inayopita ndani yake iko na ukuta uliofungana sana, hata dawa nyingi zinashindwa kuupita. Mkaaji wa mashariki ya Kongo hahitaji kuelezwa sana hapa: ni bariere. Kila kitu kinasimamishwa, kinakaguliwa, na kisicho na ruhusa kinarudishwa.

Lakini kila bariere iko na watu wasiokaguliwa. Kuko seli za damu zinazoitwa monositi, vijana wa doria, zinazozunguka mwili muzima. Kila wakati chache kati yao zinaruhusiwa kuingia ku bongo, zibadilishe makrofaji wazee wanaokaa kando ya mishipa. Monositi iliyoambukizwa inafika ku bariere na uniforme yake, inapita, na inaingiza virusi ndani. CD4 zilizoambukizwa nazo zinaweza kuingia kwa njia hiyo.

Wanasayansi wanaita ujanja huu "farasi wa Troya", kufuata hadithi ya Wagiriki wa zamani waliojificha ndani ya farasi wa mbao ili waingie muji uliofungwa. Jina hilo lilitumika kwanza juu ya kondoo. Mwaka 1985 watafiti walikuwa wanasoma visna, ugonjwa uliojulikana kwa kondoo wa Islande, ambao unaharibu bongo polepole. Virusi vya visna na VIH ni wa jamaa moja, na vyote vinapenda kusafiri ndani ya askari.

Haraka yake inashangaza. Utafiti wa Thailand uliotangazwa mwaka 2012 ulichunguza watu waliokuwa wameambukizwa siku chache tu. Kwa mmoja wao, virusi vilionekana ku maji ya uti wa mgongo, maji yale yanayozunguka bongo, siku ya nane hivi kisha maambukizi. Siku nane, wakati kipimo cha kidole ku kituo cha afya bado kinaweza kusema hana kitu.

Kelele inayoua mtaa

Ndani ya bongo, askari aliyeambukizwa anafanya mabaya mawili kwa wakati mmoja.

La kwanza, anatupa vipande vya virusi. Viwili vinajulikana sana: protini gp120, inayokaa ku ngozi ya nje ya virusi, na protini Tat, ambayo virusi vinaitumia kujizalisha. Vipande hivi havihitaji mlango wa CD4 ili viumize. Vinagusa seli ya fahamu kutoka nje na kuisumbua.

La pili ni baya zaidi. Askari huyo anapiga alarma bila kuacha. Anamwaga kemikali za kuita wenzake, na mikroglia ambazo hazina virusi hata kimoja zinaamka na kuanza kumwaga kemikali zao pia. Njo maana seli chache zenye virusi zinatosha kuharibu sehemu kubwa. Ni sawa na mtaa ambapo mtu mmoja anapiga risasi hewani usiku: kufika asubuhi madirisha yamevunjika hata ku nyumba ambazo hazikuhusika na kitu.

Kati ya vitu vinavyomwagwa kuko kimoja kinachoitwa glutamati. Hii si sumu. Seli za fahamu zinaitumia kila dakika kupelekeana habari: moja inatoa kidogo, nyingine inapokea, inaamka, inatuma mbele. Kisha seli nyingine, astrositi, zinaokota glutamati iliyobaki ili kazi irudi kimya. Wakati wa VIH makrofaji wanamwaga glutamati nyingi, na astrositi, zikisumbuliwa na zile protini na alarma, zinashindwa kuokota. Seli ya fahamu inabaki inaamshwa, inaamshwa, bila kupumzika. Kalisiamu inaingia ndani yake kupita kiasi. Mwenye pikipiki anajua kinachotokea kwa moteri anayevutiwa gazi saa nzima akiwa amesimama: anachemka, kisha anakufa.

Lakini kabla ya kufa, seli inakata matawi yake. Seli ya fahamu iko sawa muti wenye matawi mengi, na kwa hayo matawi inashikana na maelfu ya wenzake. Matawi yanakauka kwanza na shina linabaki hai. Hapo mtu hajapoteza bongo, amepoteza mawasiliano. Sehemu za chini ndani ya bongo, zinazopanga mwendo na haraka ya kufikiri, zinaguswa sana. Kwa hiyo mugonjwa wa namna hii kwa kawaida si yule anayesahau jina la mtoto wake. Ni yule anayekuwa polepole: anajibu nyuma ya wakati, anashindwa kufanya mambo mawili kwa mara moja, anaangusha vikombe.

Ushahidi kwamba sumu inatoka kwa makrofaji ulipatikana ku labo. Mwaka 1990 Dana Giulian na wenzake, huko Marekani, walichukua seli za jamaa ya monositi zilizoambukizwa VIH. Maji yaliyotoka ndani yake waliyaweka juu ya seli za fahamu za kuku na za panya, na seli za fahamu zikafa. Walipofanya vile vile na lumfositi zilizoambukizwa, sumu ile haikuonekana. Virusi ni vile vile, lakini nyumba inayovibeba njo inayoamua madhara ya namna hiyo.

Jambo hili linagusa biashara moja ya masoko yetu. Kuko watu wanaouza chupa za majani na unga wakisema vinaongeza askari wa mwili, kwa hiyo mwenye VIH hahitaji dawa za hospitali. Hata kama chupa ile ingeongeza askari kweli, ndani ya bongo shida si uchache wa askari tu. Shida ni askari walioambukizwa na wale wanaosikia alarma yao. Kuwaamsha zaidi bila kuzuia virusi ni kuongeza kuni ku moto.

Miguu inayowaka

Mishipa ya fahamu haiko kichwani tu. Ile inayofika ku vidole vya miguu inaanzia ku mafundo madogo kando ya uti wa mgongo, na kwa mtu muzima inaweza kupita metre moja kwa urefu. Makrofaji wanakusanyika ndani ya yale mafundo, wanamwaga kemikali zile zile, na mshipa unaanza kufa kutoka ncha yake ya mbali. Kwa hiyo maumivu yanaanza ku vidole vya miguu yote mbili, yanapanda polepole sawa soksi inayovutwa: kuwaka, kuchomwa na sindano, ao ganzi. Wengine hawawezi kuvumilia hata shuka ikigusa miguu.

Hapa lazima kusema ukweli mwingine, juu wagonjwa wa zamani wanaukumbuka: dawa nazo zilichangia. Stavudine, iliyotumiwa sana miaka ya 2000 kwa vile ilikuwa bei ya chini, iliharibu mishipa ya miguu ya watu wengi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliomba nchi ziiache polepole. Kidonge kinachotolewa leo kwa watu wengi, TLD, ni tenofovir, lamivudine na dolutegravir; stavudine haimo. Mtu aliyeacha dawa miaka kumi iliyopita juu ya miguu, na bado anaogopa kurudi, anaogopa kidonge ambacho hakiko tena.

Kuko sababu nyingine za miguu kuwaka ambazo zinachanganyika na VIH: ugonjwa wa sukari, kanyanga ya kila siku, na isoniazidi, dawa ya kifua kikuu. Anayekunywa isoniazidi anapashwa kuuliza vitamini B6, ni kidonge kidogo kinacholinda mishipa. Ni jambo rahisi na mara nyingi linasahauliwa.

Ni wangapi, na namna gani kupima

Kabla ya 1996, wakati dawa za pamoja hazijapatikana, kupoteza akili kabisa ilikuwa jambo la kawaida kwa wagonjwa waliofika mwisho. Leo mambo yamebadilika. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani, CHARTER, uliotangazwa 2010, ulipima watu 1,555 wenye VIH. Karibu nusu walionyesha udhaifu fulani ku mitihani ya akili, lakini waliopoteza akili kabisa walikuwa 2 tu kwa 100. Wengi wa ile nusu hawakuwa wanajisikia kitu. Ni mtihani uliowaonyesha. Kuko wanasayansi wanaosema hesabu ile ya nusu ni kubwa mno, kwamba umasikini, masomo kidogo na huzuni vinaweza kumuangusha mtu ku mtihani hata bila virusi. Ubishi huo bado haujaisha, na kwa watu wa kwetu waliolala miezi ndani ya kambi ya wakimbizi, hauna maana ndogo. Mtu asiyelala juu ya milio ya silaha naye anasahau.

Kwa sehemu zisizo na mashine, kuko mtihani mfupi uliotengenezwa na waganga wa Baltimore pamoja na wa Kampala, jirani zetu wa Uganda, na kutangazwa mwaka 2005. Hauombi kusoma wala kuandika. Muganga anataja maneno manne, mugonjwa anayarudilia. Kisha mugonjwa anafungua na kufunga kidole gumba na kidole cha pili, kwa upana na kwa haraka, sekunde tano. Kisha anafanya mambo matatu ku meza, moja nyuma ya lingine: ngumi, kiganja chini, upande wa mkono. Mwisho anaulizwa yale maneno manne. Alama zote ni 12. Mwenye 10 ao chini anahitaji kuchunguzwa zaidi.

Ni chujio tu. Hauonyeshi udhaifu mdogo, na hausemi sababu. Na si mchezo wa kufanyia jirani ku barza ili kumuchekelea. Lakini ku kituo cha afya chenye muganga mmoja, dakika chache zile zinaweza kumutoa mtu ku lawama ya uvivu.

Tofauti na ugonjwa huu wa polepole, kuko hatari zinazokuja haraka: kichwa kinauma sana siku nyingi pamoja na homa, shingo inakauka, degedege, kuchanganyikiwa kwa ghafula, upande mmoja wa mwili unalegea. Hiyo inaweza kuwa meninjite ya uyoga wa kriptokoki, kifua kikuu cha bongo, toksoplasmozi, ao malaria kali. Mtu huyo apelekwe ku hospitali siku ile ile.

Watoto wanaumia zaidi

Bongo ya mutu muzima imeisha kujengwa. Ya mtoto bado inapanga matawi yake, na alarma ikilia wakati huo hasara ni kubwa. Mtoto aliyeambukizwa anaweza kuchelewa kukaa, kutembea, kusema. Kichwa kinaweza kukomea kukomaa. Utafiti uliofanyika Kinshasa, katika miaka ya 2000, kwa watoto wadogo ulionyesha jambo hilo hilo: walioambukizwa walikuwa nyuma ya wenzao wa umri moja, na waliopata matunzo walianza kurudisha sehemu ya njia.

Afrika ya Kusini ilitoa jibu juu ya wakati gani kuanza. Utafiti CHER, uliotangazwa 2008, ulionyesha kwamba watoto wachanga walioanzishwa dawa mara moja, bila kungojea waugue, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 76. Walipopimwa baadaye, maendeleo ya akili na mwili yalikuwa mazuri kuliko ya wale waliongojeshwa. Kwa hiyo mama mwenye VIH aliyezaa anapashwa kuuliza kipimo cha mtoto kufika juma la sita, damu kidogo ya kisigino ku karatasi, hata kama mtoto ananenepa na kucheka.

Dawa inafanya nini, haifanyi nini

ARV inazuia virusi kuambukiza seli mpya. Virusi vikipungua katika damu, monositi chache zinaambukizwa, uniforme chache za uongo zinapita bariere, alarma inashuka. Matawi ya seli za fahamu yaliyokauka yanaweza kuota tena kwa sehemu. Kuna wagonjwa waliokuwa hawawezi kujivalisha, na kisha miezi ya dawa wakarudia kazi.

Lakini ARV haifukuzi virusi vilivyoisha kujiandika ndani ya mikroglia, na mikroglia inaishi miaka mingi. Inaweza kuendelea kutoa Tat kidogo kidogo hata wakati karatasi ya labo inasema virusi havionekani. Njo maana watu fulani wanaokunywa dawa vizuri bado wanajisikia polepole. Watafiti walijaribu kutafuta dawa ya kutuliza zile kelele. Memantini, inayozuia glutamati, haikuleta faida iliyo wazi. Minosiklini, antibiotiki iliyotazamiwa kutuliza mikroglia, ilijaribiwa Uganda na Marekani, na akili za wagonjwa hazikupata nafuu. Mpaka leo anayeuza dawa ya "kusafisha bongo ya mwenye VIH" anauza kitu ambacho hakiko.

Kinachobaki ni kutoacha. Utafiti SMART wa mwaka 2006, kwa watu 5,472 katika nchi 33, uliwapanga wengine waendelee na dawa na wengine wapumzike wakati CD4 zao ziko nyingi. Waliopumzika walikufa ao kupata magonjwa makali kupita mara mbili ya wenzao, na utafiti ulisimamishwa. Ule haukuwa utafiti wa bongo. Lakini unaeleza kwa nini waganga hawapendi kusikia neno "pumziko". Kwa watu wengi wanaoacha, virusi vinarudi katika damu kisha majuma machache tu, na njia ya bariere inafunguka upya.

Na hapa mashariki watu wengi hawaachi kwa kupenda. Wakati Goma iliingia ndani ya vita mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, watu walikimbia na nguo walizokuwa wamevaa. Katika majuma yale yale Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na vituo mbalimbali vya Kongo vilivyotegemea pesa hizo vikabaki vinahangaika. Kabla ya hapo, kwa wakaaji wa Masisi, Rutshuru, Beni ao Djugu, kukimbia ilikuwa imeisha kuwa sehemu ya mwaka.

Wengi, wakiona chupa inakaribia kuisha, wanaanza kuruka siku: leo kidonge, kesho hapana, ili kifike mbali. Hesabu hiyo ni mbaya kuliko inavyoonekana. Dawa kidogo katika damu inavipa virusi nafasi ya kujifunza kuikataa. Ni vizuri kunywa kila siku mpaka chupa iishe, huku mtu anatafuta kituo kingine bila kungojea siku ya mwisho. Kugawana vidonge na ndugu, hata kwa moyo mzuri, kunafanya wawili wakose kipimo kizuri.

Anayekimbia abebe karatasi yake ya dawa ao aipige picha ku simu. Asipokuwa nayo, jina la kidonge lililoandikwa ku chupa linatosha kuanza mazungumzo. Vituo vingi vinajua TLD, na ARV ku programu ya serkali ni bure. Kuomba franka kwa kidonge si kanuni. Na anayerudi kisha miezi bila dawa aseme ukweli idadi ya miezi. Kuko waganga wanaogombeza, na hilo linafanya watu wadanganye, kisha muganga anasoma vibaya kipimo cha virusi na anaweza kubadilisha dawa bila sababu.

Kwa mwenye kusahau, watu wa nyumba wanaweza kusaidia bila kumufanya mtoto: kidonge kikae pahali pamoja, karibu na muswaki ao chai, alarma ya simu iwekwe saa moja kila siku, mtu mmoja anayeaminika aulize jioni. Dolutegravir ikimnyima mtu usingizi, aulize muganga kama anaweza kuinywa asubuhi, juu usingizi mbaya nao unaongeza kusahau. Na kama amekuwa polepole ku soko, apewe kazi moja kwa wakati moja: kwanza ahesabu bidhaa, kisha pesa.